Pingamizi Langu Juu ya Mkate wa Marcelino

Ipogolo, chini ya mlima,
Iringa.
Tarehe 27 Aprili, 1957.

Kwa Bwana Katibu,
Kamati ya Kuwasaidia Waliotoka Kifungoni,
Iringa Mjini.

Bwana Katibu mheshimiwa,

Kwanza nakuamkia wewe na wajumbe wote wa Kamati, na wake zenu, na yule karani wenu mwenye baiskeli aliyeniletea ujumbe akakataa kukaa hata kidogo. Sisi huku tu wazima. Mvua ni za kutosha, mahindi yamesimama vizuri, na mimi mwenyewe sina ugonjwa wowote ila huu ninaotaka kukuandikia.

Karani wenu alinieleza hivi. Kijana Marcelino, yule aliyefungwa kwa kuiba ng'ombe wangu, ameomba leseni ya kufungua duka la mikate na chai hapa Ipogolo, pale malori yanaposimama kabla ya kupanda mlima. Kamati imependa kumsimamia mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na kumpa mabati na unga wa kuanzia. Lakini Kamati ina kanuni yake: haimwinui mtu mpaka yule aliyekosewa aulizwe kwa maandishi kama ana pingamizi. Aliyekosewa ni mimi. Nikisema ninalo, basi shauri limekufa, na Marcelino ataendelea kutembeza kikapu barabarani mpaka askari wa bomani wamchoke wamfukuze.

Bwana Katibu, ninalo. Tena si moja. Nilikuwa mnyapara wa kazi ya barabara kwa miaka mingi, najua ripoti inavyoandikwa, kwa hiyo nitaziweka hoja zangu kwa namba ili zisikupotee.

1. Ya kwanza ni salamu. Mtu aliyekuibia, kwa adabu ninayoijua mimi, akikuona kwa mbali anakata kona, anapita njia ya mtoni. Marcelino hapiti njia ya mtoni. Kila asubuhi anasimama mbele ya nyumba yangu, anatua kikapu, anainama, anasema, "Kamwene, baba." Wewe mtu wa mjini huenda umesahau uzito wa jambo hili. Kwetu usipoitika salamu ya mtu aliyeinama, wewe ndiye mwenye kosa, na majirani watalisema mpaka mavuno. Kwa hiyo naitika. Naitika kwa sauti ndogo, lakini naitika. Halafu anauliza nimeamkaje, mama ameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Ng'ombe, Bwana Katibu! Ananiuliza mimi habari za ng'ombe! Na mimi sina budi kumjibu kwamba wameamka salama. Nimeshamtakia heri mwizi wangu mara nyingi kuliko nilivyomtakia ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye hajaniibia kitu, lakini kusalimu pia hajui.

2. Ya pili ni jinsi alivyoiba. Ng'ombe mwenyewe jina lake alikuwa Malaika, mwekundu, mwenye baka jeupe begani, mpole kiasi kwamba hata mgeni angeweza kumkamua. Mwezi wa tatu wa mwaka 1954, alfajiri, mvua ikinyesha, Marcelino na wenzake wawili walimtoa zizini, wakamvusha mto, wakamchinja ng'ambo ili wakauze nyama kwa vibarua. Wale wenzake walitokomea na nyama, hawajaonekana hadi leo. Mpaka hapo sina la kusema. Ulikuwa wizi wa kawaida, na mimi nilikuwa mtu aliyeibiwa kwa kawaida.

Tatizo ni ndama. Malaika alikuwa na ndama mchanga, naye alikuwa amewafuata kwa nyuma. Basi Marcelino, badala ya kumchinja naye, au kumwachia fisi kama mwizi mwenye akili, akambeba mabegani, akavuka naye mto uliojaa, akamrudisha kwangu. Nilimkuta anamfunga kamba kwenye nguzo ya uzio. Nikamkaba. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Baba, huyu bado ananyonya."

Sasa niambie, huo ni wizi gani? Hakimu aliposikia habari ya ndama alivua miwani, akamtazama kijana, kisha akanitazama mimi kana kwamba napaswa kusema asante. Akampa miaka mitatu, naye akatoka baada ya miwili kwa sababu ya tabia njema. Nje ya korti watu wakaniambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilikwenda kule nimeibiwa ng'ombe, nikarudi nimeibiwa na huruma za watu. Yule ndama tulimwita Yatima. Verediana, mke wangu, alimlea kwa uji na maziwa ya kuomba kwa majirani, na mwaka huu Yatima naye amezaa. Maziwa yake ni machache. Verediana anasema mengi yanaishia kwa mtoto wake, na mimi mambo ya kukamua siyaingilii.

3. Ya tatu ni kifungo chenyewe. Zamani hapa kwetu, mtu akila ng'ombe wa mwenzake aliitwa na wazee, akalipa ng'ombe, na wa kuongezea juu yake, koo mbili zikanywa chombo kimoja, jioni kila mtu akaenda kwake. Serikali ikasema hapana, kesi hii ni yangu. Ikamchukua Marcelino, ikampakia kwenye lori, ikampeleka Mbeya. Mimi nikabaki na kamba mkononi. Nikajipa moyo: si kitu, huko atavunja mawe mpaka ajute kuzaliwa.

Kumbe mawe aliyavunja siku za mwanzo tu. Wakamtia jikoni chini ya mfungwa mmoja mzee, Mnyakyusa wa Ilomba anayeitwa Asukile, aliyewahi kuwapikia Wazungu kabla hajaanza kuwapunguzia vijiko vyao. Huyo ndiye aliyemfundisha tanuri, kukanda unga, kuusubiri, na kutokufungua mlango wa tanuri kwa kiherehere. Marcelino alikwenda Mbeya hajui hata kuchemsha maji. Amerudi fundi. Ng'ombe alikuwa wangu, Bwana Katibu. Karo ya shule hiyo niliilipa mimi, kwa ng'ombe mzima mwenye pembe zake, na siku ya kufunga shule hakuna aliyenialika.

4. Ya nne naomba uisome ukiwa umekaa. Hamira hapa Ipogolo ni ya kugombania, inafika siku mwenye duka akikumbuka kuiagiza. Unajua Marcelino anaumulia unga kwa nini? Kwa ulanzi! Kinywaji cha wazee, kinachogemwa kwenye mianzi kwa heshima zote, kinachotakiwa kunywewa na watu wazima wakiwa wameketi, yeye anakimimina kwenye unga, anafunika kwa gunia, na asubuhi unga umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Maana yake watoto wetu wa shule wanakula ulanzi saa moja ya asubuhi halafu wanakwenda kuimba hesabu. Nilikwenda kwa padre kumshtaki. Nilimkuta padre anatafuna, akanionyesha kwa kidole nisubiri ameze.

Haki yake nimpe: mkate ni mzuri. Umekauka juu, ndani ni laini, na kuna kaukali kadogo ka ulanzi kanakokuja mwishoni wakati umeshaanza kufikiria kipande kingine. Nimeuonja kwa ajili ya ushahidi tu. Kesho yake niliuonja tena kwa sababu shahidi wa siku moja hatoshi, na tangu hapo uchunguzi wangu unaendelea. Mkate wenyewe unakuwa mezani kwangu kila asubuhi. Verediana anasema anapewa na jirani. Sijamuuliza jirani gani, maana mtu haulizi chanzo cha mto akiwa na kiu.

5. Sasa nafika penye kidonda. Bibi Rozalia ana kilabu cha ulanzi hapa karibu na daraja. Tangu Malaika aibwe, kila jioni nilikuwa nakaa pale kwenye benchi la ukutani nikiwahadithia watu kisa chake. Nilikihadithia vizuri, wala sijisifu. Nilianza na rangi yake, nikaja kwenye mvua, nikaja kwenye nyayo za matopeni, na nikifika kwenye kichwa chake tulichokikuta ng'ambo ya mto, wanawake walikuwa wanajifuta macho kwa ncha za kanga. Hapo mtu anasema, "Pole sana, mzee Kalinga," anaagiza kikombe changu kijazwe. Madereva wa Mbeya walikuwa wananiulizia kwa jina. Kwa kifupi nilikuwa na biashara yangu ndogo, haina leseni lakini ya halali, na mtaji wake ulikuwa kuibiwa.

Biashara hiyo imekufa, na aliyeiua ni Marcelino. Dereva akishuka kwenye lori anafuata harufu ya mkate na chai ya maziwa moja kwa moja, hageuzi hata shingo. Kabla ya Pasaka nilimpata dereva mmoja wa Igawa, akanisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa, nikasema moyoni, huyu bado ana utu. Nilipomaliza akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe wewe ndiye ng'ombe yako ilimpeleka Marcelino kusomea mikate! Hongera sana, mzee! Mungu akuzidishie." Hongera! Bibi Rozalia alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Tangu siku hiyo nikianza tu kusema "alikuwa mwekundu," yeye ananimalizia "mwenye baka jeupe begani," halafu anauliza, "Mzee, huyo ng'ombe bado hajafa tu?"

Natumia nafasi hii kuuliza Kamati: mtu anayeharibiwa biashara ili mwingine aanzishe ya kwake, anakwenda ofisi gani?

6. Ya sita ni kamba. Kwetu fidia haikabidhiwi kwa maneno. Mwenye kosa anakuja na mnyama, anakunyoshea kamba. Ukiishika kwa mkono wako, imekwisha. Huna ruhusa ya kulitaja tena lile kosa, hata ukiwa umelewa. Sasa Marcelino ameshapata mtamba. Amempata kwa mikate, mtamba mweusi, mzima kabisa, nimemkagua meno kwa mbali. Amekwisha kuja naye hapa zaidi ya mara moja, yeye na wajomba zake, na kila wakija mimi naweka mikono nyuma. Kuna siku walikaa tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi kutoka machungani, na mikono yangu iko nyuma vilevile. Verediana alinilisha ugali tonge kwa tonge, mbele ya wageni, huku anasonya. Siku hizi hata nikiwa peke yangu natembea mikono nyuma, na watu wasionijua wanadhani nimepewa cheo.

Utauliza kwa nini sipokei. Hapa naomba niseme bila mzaha. Nilimpenda yule ng'ombe. Wakati wa unyapara nilikuwa natukanwa na Mzungu asubuhi, natukanwa na vibarua jioni, na kiumbe pekee kilichofurahi kuniona narudi ni Malaika. Alikuwa ananijua kwa kikohozi. Nikikohoa kule kwenye njia panda, yeye huku zizini anaitika. Nilipokiona kichwa chake kwenye matope nililia mbele za watu, mtu mzima na mvi zangu. Sasa nikiishika hiyo kamba na kufunga mdomo, nani tena atajua kwamba alikuwepo? Mtamba ni mtamba. Huyu hajui kikohozi changu.

Basi, turudi kwenye hoja.

7. Ya saba ni usalama wa raia. Marcelino hakutosheka kuwa yeye peke yake. Amewachukua wengine wawili waliotoka kifungoni, mmoja anapasua kuni na mmoja anakanda. Nilidhani sasa ndiyo tumekwisha, Ipogolo itabaki mawe matupu. Nikafurahi kidogo, nakuambia ukweli, maana nilijua litakalotokea na nikajua nitasikilizwa tena. Hakuna kilichotokea. Nikaona labda hawajapata nafasi, nikawasaidia. Niliacha jembe langu nje ya uzio usiku kucha. Asubuhi nikalikuta palepale, limenolewa.

Nikaacha mlango wa banda wazi. Mtetea wangu mmoja akapotea, nikawa mtu mwenye matumaini. Nilivaa koti, nikaenda kilabuni, nikaanza kukitunga kisa kipya: alikuwa wa kijivu, miguu yenye manyoya. Sijafika mbali, yule mpasua kuni akaingia, amempakata mtetea wangu kifuani, na mayai yake amebeba kwenye kofia. Alikuwa anatamia kwenye lundo la kuni zao. Jamaa akaniomba radhi kwamba yai moja lilipasuka alipokuwa anainua gogo. Watu wa kilabu wakampigia makofi, na mimi nikapokea mtetea kwa mkono mmoja ili mwingine ubaki nyuma, nisije nikategwa. Je, huu ndio uhuru mnaotuandalia? Kwamba mtu mwaminifu aliyeishi miaka yote bila kufungwa hawezi hata kupotelewa na kuku?

8. Ya nane ni hatari ya nchi nzima. Nasikia Asukile naye anamaliza kifungo mwaka huu, na ameshamtumia Marcelino salamu kwamba atajenga tanuri kwao Ilomba. Nasikia pia yule mkanda unga ni mtu wa Igawa na anataka akafungue la kwake huko. Chukua ramani uangalie. Ilomba, Igawa, Ipogolo! Miaka michache tu, msafiri atatoka Mbeya mpaka Iringa akilishwa na wezi njia nzima, na kila atakaposhuka ataambiwa kamwene, atapewa mkate wa moto na chai ya maziwa, na mzigo wake utaangaliwa bure. Atafika Iringa ameshiba, hana malalamiko. Nchi isiyo na malalamiko itaendeshwaje? Wanyapara watafanya kazi gani? Na sisi tulioibiwa tutakaa wapi?

Kwa hayo yote, naiomba Kamati tukufu ichague moja kati ya haya.

Iwe ni kumnyima Marcelino leseni, na kumrudisha Mbeya akasahau yale aliyofundishwa.

Au, kama kusahau hakufundishiki, basi iundwe Kamati ya Kuwasaidia Walioibiwa, itakayotupa nasi mafunzo ya miaka miwili, sare, chakula, na fundi kama Asukile. Nipo tayari kuwa mwenyekiti.

Au, na hili naliona ndilo jepesi kwa pande zote, Kamati iweke sharti ndani ya leseni kwamba Marcelino aniibie kitu kidogo walau mara moja kwa mwaka, hata kama ni mpini. Nitamwonyesha mahali ulipo. Nami naahidi sitapiga kelele mpaka awe amefika mbali.

Kwa sasa, jibu langu kwa swali lenu ni hili: pingamizi ninalo, na ninalitia sahihi yangu hapa chini nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba.

Nisalimie wajumbe wote bila kumwacha hata mmoja. Msalimie karani, mwambie siku nyingine akae, hatumli. Wasalimie walioko jela, kama mnaonana nao, na muwaambie wasijifunze sana.

Ni mimi niliyekosewa, ninayewaheshimu,

Gaudensi Kalinga,
Mnyapara mstaafu.

Nyongeza, Jumapili baada ya misa.

Bwana Katibu, nilimpa Verediana barua hii aniangalizie makosa, kwa kuwa yeye alisomeshwa na masista na herufi zake ni safi kuliko zangu. Ilikuwa jana jioni, tumekaa jikoni. Alisoma mpaka namba ya tano akicheka kwa sauti. Namba ya sita aliisoma kimya. Alipomaliza ya nane akaikunja, akaiweka mapajani, akaniambia mambo ambayo kikulacho ki nguoni mwako peke yake ndicho kinachoweza kukuambia.

Chai ya maziwa ya Marcelino, ile inayowafanya madereva wasigeuze shingo, maziwa yake ni ya Yatima. Tangu amezaa, Verediana anampelekea Marcelino maziwa kila asubuhi wakati mimi natembea na mikono yangu nyuma. Jirani anayetupa mkate ni Marcelino. Sukari ninayotia kwenye uji imenunuliwa kwa fedha za maziwa hayo. Hata koti nililovaa siku ya mtetea. Nikamwambia, "Mama, umeniuza kwa mwizi." Akasema yeye hakuniuza, amemuuzia maziwa, na kwamba bila yule kijana kuvuka mto na ndama mabegani yasingekuwepo hata ya kumpa paka.

Nilitaka kugomba. Hapo akasema neno ambalo nakuandikia kama alivyolisema. "Baba, mwenzako alifungwa miaka miwili akatoka. Wewe umemaliza wa tatu. Utatoka lini?"

Nilikwenda zizini nikasimama na Yatima. Nikakohoa, maana kuna umande. Akainua kichwa akaitika, Bwana Katibu, vilevile kama mama yake, na mimi miaka yote hii sikuwahi kujua, kwa kuwa nilikuwa nakohoa kilabuni.

Leo tulipotoka misani Marcelino alikuwa langoni na wajomba zake na yule mtamba. "Kamwene, baba," akasema. Nikaitika kwa sauti ya kawaida. Akanyosha kamba huku anatazama chini, kama mtu aliyezoea kusubiri. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea kukaa nyuma, kuileta mbele kuliniuma mabega. Nimeishika. Tumekunywa chombo kimoja, ulanzi wa Bibi Rozalia, na kuanzia sasa kile kisa sina ruhusa ya kukisimulia. Wewe umekisoma kwa mara ya mwisho. Kitunze.

Kwa hiyo yote niliyoandika kuanzia namba ya kwanza hadi ya nane yafute. Ningeichana barua nikaandika nyingine, ila karatasi zimeisha, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kimenitoka vizuri. Pingamizi sina. Fanyeni haraka na hiyo leseni, na mabati yawe mapana, maana mvua za hapa zinapiga kwa ubavu, na chini yake muache nafasi ya benchi la ukutani.

Barua ataileta Marcelino mwenyewe. Kesho anapanda na lori kuja mjini kuchukua unga, na sina mtu mwingine hapa Ipogolo wa kumkabidhi kitu nikalala usingizi. Bahasha sikuifunga. Anawaletea pia mkate mmoja, ni zawadi yangu na Verediana kwa Kamati. Mkiukuta umemegwa pembeni, msimshuku Marcelino. Ni mimi.

G. K.